Ndinga ya Boksi, Tope la Bariadi

Leo tunapiga stori za ndinga, ila siyo zile za kuringishia mtaa. Hizi zina urefu wa sentimita 17 hivi, hazinywi wese, trafiki hawana habari nazo, na maegesho yake ni meza ya geto lako. Naongelea modeli za plastiki za magari ya mashindano. Unapokea boksi, ndani kuna vipande kibao vimeshikana kwenye fremu. Unakata, unapiga msasa, unaunga, unapuliza rangi, unabandika stika za maji. Ukikomaa, unaibuka na Datsun 240Z ya Safari Rally, nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni, imepaki pembeni ya sabufa.

Najua kuna mshkaji ameshaguna: mchizi wa Bariadi na midoli ya Wajapani, wapi na wapi? Tulia kwanza. Hiyo 240Z ni ya huku kuliko unavyodhani.

Safari ilianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 wakaibatiza East African Safari Rally. Ilikuwa inakimbizwa Pasaka, masika imechachamaa, tena kwenye barabara hizi hizi za ng'ombe na mabasi, maelfu ya kilomita. Mchuma unaweza kutoka Ulaya umejaa mikwara, ukafia kwenye dimbwi kabla haujamwona hata mpinzani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakabeba ubingwa na 240Z, injini silinda 6 za mstari, lita 2.4. Nyuma yao akaingia Shekhar Mehta, naye na 240Z. Mehta alikuwa mtoto wa Kampala, na miaka miwili baadaye akalichukua kombe mwenyewe, kwa 240Z vilevile, baada ya kufungana pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine. Jamaa alikuja kuibeba Safari mara 5. Mara 5, mwanangu!

Sasa kampuni ya Hasegawa ikaichukua ile gari ya 1971, ikaishusha mara 24, ikaiweka kwenye boksi. Boksi lilitoka, likaadimika madukani, likarudi. Hapo ndipo penye utamu wa modeli zinazotolewa upya. Modeli inazaliwa kwenye kalibu la chuma: plastiki aina ya polistairini inayeyushwa, inasukumwa ndani kwa presha, inapoa, inatoka ikiwa fremu nzima ya vipande. Kulichonga kalibu ni ghali kinoma, ila likishakuwepo linadumu miongo. Kampuni inaweza kulilaza stoo miaka, kisha ikalirudisha kwenye mashine, ikachapa stika mpya na picha mpya ya boksi, mzigo ukaingia sokoni. Wale wajanja waliokuwa wanauza maboksi ya zamani kwa bei za kishenzi wanabaki wameshika tama. Mimi huwa nafurahi sana.

Ila kalibu nalo linazeeka. Vyuma havibanani tena sawasawa, kwa hiyo plastiki inavuja pembeni na kipande kinakuja na ndevu. Lazima uzinyoe kwa wembe na msasa laini. Asiye na uvumilivu hapo ndipo anapoacha na kurudi kucheza draft.

Hasegawa wako Shizuoka, Japan, tangu 1941. Mkoa huo huo wanao Aoshima, walioanza 1924, na Tamiya, walioanza 1946 wakiwa wauza mbao. Hao Tamiya wana stori moja naipenda hatari. Miaka ya 1970 Shunsaku Tamiya alitaka modeli ya Porsche iliyo sahihi, vipimo vikawa vinamsumbua. Akanunua Porsche 911 nzima, akaishusha nati kwa nati ili aione kwa ndani. Kuna watu hapa mjini wakinunua IST hata nailoni ya siti hawatoi, mwenzao anafungua Porsche apate vipimo vya mdoli!

Wamarekani walikuja na mchongo mwingine. AMT, kampuni ya Michigan, mwaka 1958 ilianza kuuza maboksi ya aina tatu ndani ya moja: gari kama ilivyotoka kiwandani, au ya mashindano, au ya kubadilisha unavyotaka wewe. Vipande vya ziada vimo humo humo. Mpaka leo maboksi yale yanarudishwa sokoni na kampuni ya Round 2, na vizee vya kule vinayanunua tena yale viliyoyaharibu utotoni.

Turudi kitaa. Hapa Simiyu dogo hasubiri boksi. Anachukua mabua ya mtama anatengeneza lori. Anachota udongo mweusi wa mbuga, anafinyanga basi na ng'ombe wa kuligonga. Akipanda daraja anaingia kwenye waya na makopo, matairi anakata kwenye ndala iliyokufa, anaunga fimbo ndefu yenye usukani juu, anaisukuma mtaa mzima huku mdomo unapiga gia. Watu wanalichukulia poa, wanasema umaskini. Mi nakataa. Dogo aliyesuka gari la waya anajua ekseli ya mbele inapindaje, kwa sababu isipopinda gari halikati kona. Mzungu aliyenunua boksi amepewa ekseli imeshachongwa, na karatasi ya maelekezo juu. Kuunga kwa mkono kutoka sifuri, wenyewe huko nje wanaona ndiyo ngazi ya juu kabisa ya fani, na sisi tunaanzia hapo tukiwa chekechea. Tunachokosa ni ile nusu nyingine: usafi wa maungio, rangi ya kioo, kipande kidogo kama punje kukaa mahali pake bila gundi kuchuruzika.

Kwa hiyo boksi moja linatosha kukufundisha. Usitafute duka stendi, utamaliza soli. Hizi zinaagizwa mtandaoni, na bei ya 240Z ukiibadilisha kuwa shilingi ni hela ndefu kabla hujagusa usafirishaji. Inauma, sikudanganyi. Wana mkichanga mnaweza kuunga kwa zamu, mmoja injini, mwingine bodi, mwingine siti.

Vifaa vingine vipo. Kikata kucha ndiyo koleo lako la kwanza, ila usikate kipande karibu na ngozi, acha kishina ukimalizie kwa msasa. Gundi ya modeli inayeyusha plastiki kidogo, vipande viwili vinakuwa kitu kimoja. Supa gluu inashika, lakini iweke mbali na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe hautoki. Rangi ya kupuliza ya mafundi wa bodaboda inafanya kazi kama ukianza na andakoti na kupiga nyepesi nyepesi. Ukimwaga koti zito juu ya plastiki tupu, thina inaila na bodi inakunjamana. Mabaki ya fremu usitupe: yapashe juu ya mshumaa, yavute taratibu, unapata uzi mwembamba wa plastiki, hiyo ni antena, hizo ni waya za plagi. Ile kadi inayobeba laini ya simu ni bati lako la kukatia vizuia tope vya nyuma ya tairi. Spoku ya baiskeli, ekseli. Na yule fundi anayewakatia bajaji stika za majina na mapicha, msogeze karibu na meza yako, ana mkono tayari.

Sasa tuje kwenye tope. Hapa ndipo ninapotaka kubishana na dunia nzima.

Boksi linakuja na namba za rangi: nyekundu hii, nyeusi ile, fedha ya rimu. Tope haliji na namba. Matokeo yake unaona modeli ya Safari mtandaoni, kazi safi hatari, halafu jamaa kapaka kahawia moja kuanzia mbele mpaka nyuma, mtu unajiuliza hii gari imepita Nairobi au imepita kwenye sufuria ya chokoleti. Hawajawahi kusukuma gari, hawa.

Sisi tunajua. Vumbi linakaa zaidi nyuma, kwa sababu gari ikikimbia upepo unageuka na kulivuta kwenye buti na kioo cha nyuma. Mbele, waipa inaacha alama mbili za upinde kwenye kioo, ndani safi, nje pachafu. Tope linarushwa na tairi, kwa hiyo linapanda kwa mshazari nyuma ya matairi na kwenye milango, halichori mstari ulionyooka. Rangi nayo ni kesi. Laterite ya barabara inatoa wekundu wa kutu. Mbuga yetu ya pamba ikilowa ni nyeusi inang'aa, inajikusanya kwenye tairi mpaka tairi linanenepa, na ikikauka inapauka kuwa kijivu, inapasuka vipande. Gari ikitoka kwenye ardhi moja kuingia nyingine inabeba tabaka mbili, nyeusi chini na nyekundu juu yake.

Kulitengeneza ni hivi. Chota udongo wenyewe, ukaushe, uponde, upitishe kwenye soksi nyepesi ya kike mpaka upate unga. Usiruke hatua hiyo. Kwenye kipimo cha 1/24 punje ya mchanga ya nusu milimita ni jiwe la milimita 12, ukiacha punje utakuwa umeparamisha gari kwenye kokoto. Changanya na gundi nyeupe ya shule na maji, pigia kwa brashi iliyochakaa, mahali palepale pa tope. Kwa vumbi tumia chaki. Na chaki, wanangu, ni habari ya Maswa hapo jirani, vijana wenzetu walianzisha kiwanda chao cha chaki mpaka mkoa ukajivunia. Saga chaki ya rangi, changanya mpaka uwekundu ukukubali, ipake kavu kwa brashi laini, kisha puliza vanishi isiyong'aa kwa mbali. Chaki nyeupe huwa inapotea ikishalowa vanishi, kwa hiyo zidisha kidogo.

Ukishaweza hilo, ndipo uanze kubadilisha. Boksi la 1971 linaweza kuwa gari ya Mehta ya 1973 kwa kubadilisha namba na majina, mradi utafute picha za kweli kwanza. Mashabiki wa Toyota, yaani nusu ya nchi, Aoshima wameitoa kupitia chapa ya Beemax ile Celica TA64 ya 1985. Celica hizo zilishinda Safari tatu mfululizo: Björn Waldegård 1984, Juha Kankkunen 1985 akiwa hajawahi kuikimbia kabla, kisha Waldegård tena 1986. Na tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, mpaka 2025 hakuna aliyeshinda zaidi ya Toyota. Celica yako ifungie ngao mbele. Msukuma yeyote anajua ngao ni ya nini, barabara ya Lamadi jioni ng'ombe hawaangalii kibao.

Lakini mimi, nikiambiwa nichague mradi wa mkoa huu, naacha mashindano yote. Aoshima wana malori ya 1/32, Fuso zikiwemo. Chukua Fuso, kata bodi, unda kichanja cha mbao cha nyuma kwa vijiti, pakia pamba. Pamba ya kweli, ya shambani, uivute vinyuzi vidogo vidogo mpaka ikubali kipimo. Lielemee upande. Tairi moja la nyuma lipungue upepo. Juu ya mzigo waweke wapakiaji wawili wamelala.

Kazi zikiwa tayari tuzipeleke wapi? Wenzetu huko nje wana majaji wenye tochi wanaokagua maungio. Sisi tuna dawa ya kwetu. Wacheza ngoma wetu wa Kisukuma, Bagika na Bagalu, msimu wa mavuno wanacheza uwanja mmoja, muda mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta nyomi. Ndiyo maana kila kundi linaficha ubunifu wake mpaka siku yenyewe, wengine wanaibuka na nyoka, wengine na fisi. Tuweke meza mbili kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nyakabindi. Meza hii wana wa boksi na 240Z zao za Shizuoka, meza ile madogo wa waya, mabua na ndala. Muda mmoja, hakuna jaji, tuhesabu vichwa. Wana wa boksi wajiandae kisaikolojia, maana yale ya madogo yanatembea.