Vileo vinavyowanasa matineja wa Sori, na jinsi mzazi anavyoweza kuwanusuru

ALFAJIRI, mashua za omena zinaporejea katika ufuo wa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, hesabu hufanywa papo hapo. Mwenye chombo huchukua sehemu yake, vibarua waliovua hugawana iliyobaki, na kila mmoja huondoka na noti mkononi. Miongoni mwa wanaopokea malipo hayo huwemo wavulana ambao saa hiyo wangepaswa kuwa njiani kwenda shuleni.

Kwa kijana wa miaka 14 au 15, pesa hizo ni fahari. Amezitolea jasho usiku kucha, na pengine nyumbani zinangojewa. Hata hivyo, si mbali na maji kuna nyumba inayouza chang'aa, kuna msokoto wa bangi, na kuna wavuvi wazima wanaomwambia kwamba baridi ya ziwa haistahimiliki bila kileo. Kwa wengi, safari ya uraibu huanzia hapo, mbele ya watu wanaowafahamu, wala si katika maficho ya walanguzi ambayo mzazi huyawazia asikiapo neno mihadarati.

Utafiti wa kitaifa uliotolewa na mamlaka ya kupambana na mihadarati, NACADA, mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Hao ni watu wapatao milioni 4.7. La kutisha zaidi ni umri wa kuanza: kulipatikana walioonja tumbaku wakiwa na miaka 6, na pombe wakiwa na miaka 7.

Umri huo una uzito wake. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kupima hatari na kujizuia huendelea kukomaa hadi anapokaribia miaka 25, ilhali ile inayotamani raha huamka mapema. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1997 ulibaini kwamba walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa na uwezekano takriban mara nne zaidi wa kuwa waraibu wa pombe kuliko waliosubiri hadi miaka 20 au zaidi. Kwa hivyo kila mwaka ambao mzazi anafaulu kuchelewesha gilasi ya kwanza ni faida kwa mwanawe.

Pesa za usiku

Wataalamu hutaja visababishi vingi vya matineja kuingilia vileo: urithi wa kifamilia, msongo wa mawazo, marafiki, umaskini, kuacha shule na urahisi wa kupata kileo chenyewe. Huko Sori, kadhaa kati ya hivyo hukutana mahali pamoja.

Omena huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Kwa sababu hiyo, uvuvi hunoga usiku wa giza na hupungua mbalamwezi inapong'aa. Kijana aliyezoea kazi hiyo huwa na vipindi viwili vya hatari. Kipindi cha kwanza ni cha kukesha ziwani na watu wazima, bila usingizi wala masomo. Cha pili ni siku za mbalamwezi, anapokuwa ufuoni bila kazi, mfukoni mkiwa na masalio ya mapato.

Hali haitofautiani sana katika machimbo ya dhahabu ya Macalder, katika eneo hilohilo la Nyatike, ambako malipo pia ni ya papo kwa papo. Isitoshe, mpaka wa Tanzania si mbali, na ng'ambo yake iko Tarime, wilaya ambayo kwa miaka mingi imetajwa katika habari za kilimo cha bangi. Mahali penye pesa za haraka na bidhaa ya karibu, mchuuzi hahitaji kumtafuta mteja.

Pombe inayolipa karo

Kisababishi kingine ni kigumu kukizungumzia kwa kuwa kimo nyumbani. Zipo familia zinazopika chang'aa au busaa ili zipate chakula na karo. Mtoto hutumwa kuchota maji, kutazama moto na kuwapelekea wateja vikombe. Huonja ili ajue kama imeiva. Anapofika kidato cha kwanza, pombe kwake si jambo geni tena.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa inayotengenezwa kwa leseni na viwango, lakini haikuhalalisha ile ya vichakani. Sheria hiyo inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, kumlaumu mama mpika pombe bila kumwonyesha njia nyingine ya kupata karo ni kumpa ushauri asioweza kuufuata. Anachoweza kukifanya leo ni kumwondoa mtoto katika kazi hiyo: asiipike, asiionje, asiiuze, na wala asiwe anadurusu masomo yake katikati ya walevi.

Ziko pia nyumba ambazo mzazi hayupo. Homa Bay na Migori zimekuwa miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini, na watoto wengi wamelelewa na nyanya zao. Hospitali ya misheni ya St Camillus, Karungu, iliwafungulia yatima wa eneo hilo makao ya Dala Kiye kwa sababu hitaji lilikuwa kubwa. Bibi wa miaka 70 hawezi kumfuata mjukuu wa miaka 16 hadi ufuoni saa tano usiku. Na kijana aliyezika wazazi huenda anatafuta kwenye kileo kitu cha kusahaulisha majonzi ambayo hajawahi kuulizwa habari zake.

Majonzi hayo huambatana na disko matanga, ngoma za usiku kucha zinazochezwa kwenye matanga. Serikali imezipiga marufuku mara kwa mara, lakini bado hufanyika. Humo vijana hukutana gizani, pombe huzunguka, na kila mzazi hudhani kwamba mwanawe yuko pamoja na jamaa.

Mzazi afanye nini?

Silaha ya kwanza ni kujua. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba kijana ambaye mzazi wake anajua aliko, aliye naye na saa ya kurudi kwake huwa na uwezekano mdogo wa kutumia vileo. Kujua huko si upelelezi. Hupatikana kwa mazoea ya kila siku, hasa mlo wa pamoja wa jioni ambapo mtoto huulizwa siku yake ilikwendaje na kusikilizwa.

Pili, pesa zijadiliwe. Kwa kijana aliye shuleni, kazi ya kukesha ziwani isiruhusiwe. Ikiwa amefanya kibarua halali cha mchana wakati wa likizo, wakubaliane mapema sehemu ipi ni akiba, ipi ni ya nyumbani na ipi ni yake. Mzazi anayepokea pesa bila kuuliza zilikotoka humfunza mtoto kwamba maadamu analeta kitu, hana wa kumuuliza.

Tatu, mzazi ajitazame. Anayemtuma mtoto kumnunulia pombe au sigara amekwisha kumwonyesha njia ya kwenda huko. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na watu wa ufuoni wanalijua hilo kuliko wengine. Lakini kukunja si kuvunja. Kichapo na matusi humfukuza kijana nyumbani, akaenda kwa wale wasiomkemea. Kanuni ziwe chache, ziwe wazi, na adhabu itajwe kabla ya kosa.

Nne, wazazi wasipigane vita hivi kila mmoja peke yake. Mfano mzuri unatoka Iceland, nchi ambayo nayo imeishi kwa uvuvi. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa huko wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Wazazi walitia saini mapatano ya pamoja, wakawa wanazunguka mitaani usiku kwa zamu, saa za watoto kuwa nje zikadhibitiwa, na michezo ya jioni ikagharimiwa. Kufikia 2016, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 5.

Sori haina utajiri wa Iceland, lakini mapatano hayahitaji utajiri. Vitengo vya usimamizi wa fuo, BMU, vina orodha ya vyombo na wavuvi, na vinaweza kukataa mashua inayobeba mwanafunzi. Wazee, makanisa na chifu wanaweza kukubaliana kwamba matanga yasiwe na disko. Walimu wanaweza kumpasha mzazi habari siku ileile mtoto anapokosa darasani.

Dalili zikionekana

Macho mekundu, harufu ngeni, vitu kupotea nyumbani, alama kushuka na marafiki wapya wasiotajwa majina ni dalili za kuchunguzwa, ingawa si ushahidi kamili. Mzazi asubiri kijana awe na akili timamu, kisha aseme alichokiona bila kumwita mlevi, na ampe nafasi ya kujibu.

Ikiwa ameshazama, uraibu ni ugonjwa unaotibika. Anayekunywa kila siku asiachishwe ghafla bila daktari, kwa maana kutetemeka na vifafa vinavyoweza kufuata huhatarisha maisha. NACADA ina nambari ya simu ya bila malipo, 1192, ambako mzazi anaweza kupata ushauri kabla hata ya kumpeleka mwanawe hospitalini.

Jioni mashua zitakapoingia tena majini, swali la kila mzazi wa Sori ni jepesi, na jibu lake halingoji serikali: mwanangu yuko wapi, na yuko na nani?