Mtoto Alikula Nini Jana?

Swali hili huulizwa uani, mama akichambua mchicha na mdodosaji akiwa na dodoso magotini. Kwa wanaochunguza ubora wa mlo wa watoto ambao hawajaanza shule, ni swali gumu kuliko linavyosikika.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, kanuni ipo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamegawa vyakula katika makundi 8: maziwa ya mama, nafaka, viazi, mihogo na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa na mazao yake, nyama, kuku na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto aliyekula kutoka makundi 5 au zaidi katika siku iliyopita huhesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha mchanganyiko wa vyakula. Hakuna mizani inayohitajika. Kinachopimwa si shibe, kwa kuwa mtoto aweza kushiba ugali kila siku na bado akapungukiwa madini ya chuma na zinki.

Akitimiza miaka 2, mtoto huyo huwa ametoka katika kanuni hiyo. Kipimo cha wanawake wa miaka 15 hadi 49, chenye makundi 10, hakikutengenezwa kwa ajili yake. Watafiti wengi huazima kimojawapo, na hapo hesabu huhitaji uangalifu. Anayenyonya amekwisha kupata kundi moja kabla ya kugusa sahani; aliyeachishwa ziwa hana budi kupata 5 kati ya 7 yaliyobaki. Kulinganisha alama zao bila kulisema hilo ni kumwonea mmoja wao.

Lakini ugumu mkubwa umo katika maisha ya mtoto mwenyewe. Wa miaka 3 au 4 hula sinia moja na ndugu zake, huonja kwa jirani, hupewa kipande cha andazi na bibi. Mama aliyetoka alfajiri kwenda sokoni hakuyaona hayo. Dada mkubwa aliyebaki nyumbani ndiye ayajuaye, na mdodosaji stadi humwita naye aketi. Haanzi kwa kusoma orodha ya vyakula, bali huifuata siku tangu mtoto alipoamka hadi alipolala, kisha hurudi nyuma kuuliza yaliyoliwa kati ya mlo na mlo. Huuliza pia kilichoingia kinywani hasa. Chungu kilikuwa na samaki, lakini mtoto alipata mchuzi tu? Basi hakula samaki. Unga wa dagaa ulionyunyizwa kidogo kama kiungo nao hauhesabiwi.

Tena, jana huenda kulikuwa na harusi, au mtoto alikuwa na homa. Kwa sababu hiyo jibu la siku moja huieleza jamii, halimwelezi mtoto mmoja. Nionavyo, kuichukua alama hiyo kliniki na kumkaripia nayo mama ni matumizi mabaya ya kipimo, na humfundisha kutaja mayai ambayo hakuyanunua. Kumjua mtoto mmoja kunadai siku kadhaa zisizofuatana, pamoja na uzito, urefu na pengine kipimo cha damu.

Mwongozo wa mwaka 2021 umeongeza maswali kuhusu vinywaji vyenye sukari, vyakula visivyofaa kiafya, na siku iliyopita bila tunda wala mboga. Nayo yanawahusu wenye miezi 6 hadi 23. Huku kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wengi wa watoto wa umri huo wamekwisha kupita miezi 23, na soda ya dukani wanaweza kuinunua wenyewe.