Mtetea Akiugua, Tumtazame Kabla ya Kumnywesha Dawa

Imekuwa ada katika nyumba nyingi za Lodwar na Kakuma, sawa na kwingineko nchini, kwamba kuku akionekana amejikunyata pembeni, mbawa zimelegea na macho yamefumba, mwenyewe huenda mbio dukani akanunua kidonge cha tetrasaiklini, kile cha binadamu chenye rangi mbili, akakipasua na kuumimina unga wake katika maji. Kuku akipona, dawa husifiwa. Akifa, husemwa kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Aghalabu hapana aliyemshika mkononi akamkagua, wala aliyejiuliza anaumwa nini hasa.

Huenda msomaji akaona kwamba kuku mmoja si jambo la kuandikiwa gazetini. La hasha! Mtetea, yaani kuku jike anayekaribia kuanza kutaga, ni mali iliyotunzwa miezi sita au zaidi bila ya kurudisha hata senti. Ameponea mwewe, paka na jua, na sasa ndipo faida inapokaribia. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za Kenya, na aliyepoteza mbuzi wake hakosi kumthamini mnyama asiyehitaji kuhamishwa kutafuta malisho. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992, mgao wa chakula ulipunguzwa sana mwaka 2025. Katika nyumba kama hiyo yai la mtoto si kitoweo cha anasa.

Ajabu ni kwamba Turkana ni nchi ya watu wenye jicho kali kwa mifugo. Mchungaji kijana humtambua mbuzi mgonjwa kabla hajalala chini: huangalia manyoya yaliyosimama, hufunua ufizi, huchunguza kinyesi, hukumbuka ni kisima gani alichonywea juzi. Elimu hiyo hakuipata kitabuni. Lakini kuku ni mgeni katika zizi la mfugaji wa ngamia na mbuzi, na ugeni huo umemnyima haki ya kutazamwa. Nionavyo mimi, hatuhitaji kuleta elimu mpya kutoka mbali. Tunahitaji kulihamisha jicho lile lile kutoka kwa mbuzi hadi kwa kuku.

Na tuanze na joto, maana ndilo linalowapoteza wengi. Mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35 na zaidi karibu mwaka mzima. Mwili wa kuku wenyewe una joto la nyuzi 41 hadi 42, naye hana jasho kama sisi. Njia yake ya kujipoza ni kufungua mdomo na kuhema upesi upesi, huku mbawa zikiachana na mwili. Basi mtu akiona mtetea anahema saa nane mchana, hawezi kusema kama ni ugonjwa au ni jua. Dawa ya swali hili ni kuamka mapema. Mtazame alfajiri, hewa ikiwa imepoa. Ikiwa kuku wote walihema mchana na wote wametulia asubuhi, lilikuwa joto. Ikiwa ni mmoja tu anayehema kungali na baridi, tena anakoroma, ananyoosha shingo na kutokwa na kamasi, huyo ni mgonjwa. Fauka ya hayo, banda la mabati lisilo na kivuli ni tanuri. Makuti ya mkoma yakitandazwa juu yake, na maji yakiwekwa katika chungu kilicho kivulini, baadhi ya hao wanaodhaniwa wagonjwa watapona bila ya kumeza chochote.

Baada ya jicho, mkono. Mshike kuku na upapase kidari chake. Ukikuta mfupa wa katikati umechongoka kama kisu na nyama imekwisha pande zote mbili, ugonjwa huo si wa jana: huenda ni minyoo, au njaa, au wenziwe wanamfukuza penye chakula. Ukikuta kidari kimejaa nyama na kuku yu mahututi, basi jambo limemjia kwa ghafla, na hapo uwahofie walio karibu naye. Papasa pia kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Asubuhi kinapaswa kuwa kitupu. Kikiwa kigumu kama jiwe, kuna kitu kimekwama, na katika miji yetu ilivyo, yawezekana ni kipande cha mfuko wa plastiki.

Kisha utazame upanga wa kichwani. Kwa mtetea anayekaribia kutaga unapaswa kuwa unaanza kuwa mwekundu. Ukiwa umeparara na mweupe, damu yake inakwenda mahali. Pengine viroboto wamejishikiza kuzunguka macho na upanga kama mbegu nyeusi. Hao wapakwe mafuta mazito ya kujipaka, wazibwe pumzi, na banda lifagiliwe na takataka zake zichomwe. Lakini pengine hutaona kitu mwilini, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Papasi wa kuku hujificha mchana katika nyufa za mbao na kuta, akatoka usiku kunyonya, kisha akarudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Huweza kukaa bila chakula zaidi ya mwaka, kwa hiyo banda lililoachwa tupu kwa miezi michache bado si salama. Nenda na tochi saa nne usiku, ukague nyufa. Papasi huyu huweza pia kumwambukiza kuku homa inayohitaji viuavijasumu, na hiyo ni kazi ya kumwita afisa wa mifugo. Lakini dawa ikitolewa huku nyufa hazijazibwa wala kutiwa dawa ya wadudu, ni kuteka maji kwa pakacha.

Kinyesi nacho kina habari zake. Chenye damu, hasa kwa kuku wachanga wanaosongamana penye unyevu karibu na chombo cha maji, huashiria koksidia, ambayo dawa yake ni amproliamu wala si kile kidonge cha rangi mbili. Cha kijani na majimaji, pamoja na shingo kupinda, mbawa kuanguka na vifo vinavyofuatana, huashiria kideri, ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita mdondo. Wataalamu walikieleza mara ya kwanza baada ya kuzuka mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na ndiyo sababu vitabu hukiita kwa jina la mji huo. Kideri hakina tiba. Anayemwaga tetrasaiklini katika maji ya kuku mwenye kideri anapoteza fedha, na anayetumia dawa hiyo ovyo huzoesha vijidudu vya nyumbani kuistahimili, ili siku mtoto atakapoihitaji isimfae. Minghairi ya hayo, mabaki ya dawa huingia katika mayai tunayokula.

Mtetea aliyekwisha shukiwa atengwe siku ile ile, katika katoni au tenga lililo kivulini, na anayemhudumia awalishe wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono. Apewe maji yaliyotiwa sukari kidogo na uji mzito wa mtama au mahindi. Asiyeweza kunywa atiliwe tone kwa tone pembeni mwa mdomo, wala asimiminiwe kooni, maana tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi na wengi hufa kwa kusakamwa na wema wa mwenye kuku. Wako wanaomkimbiza sokoni angali hai ili wasipate hasara. Kwa hukumu yangu huo ni uovu, kwani kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita kama 120, na kuku mmoja aliyefungwa miguu juu ya gari huufikisha ugonjwa huko kwa nusu siku.

Na akifa? Waturkana wana wazee wasomao matumbo ya mbuzi kutafuta habari za mvua na maadui. Kuku aliyekufa, ambaye matumbo yake yana habari za wazi kabisa, hutupiwa mbwa. Mwalimu wa sayansi aweza kumpasua mmoja mbele ya wanafunzi, mbali na jikoni, mikono ikiwa ndani ya glavu. Madoa ya damu katika tumbo lililo mbele ya firigisi huelekeza kwenye kideri. Damu iliyojaa katika vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo huelekeza kwenye koksidia. Lakini wakifa wengi kwa pamoja asipasuliwe hata mmoja: aitwe afisa wa mifugo, kwa kuwa mafua ya ndege ni hatari kwa binadamu. Mizoga ichomwe au izikwe kwenda chini.

Iliyobaki ni chanjo, na chanjo ni ya wazima. Taasisi ya KEVEVAPI huitengeneza humu nchini, lakini chanjo ya kawaida hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na safari ya kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300 za jua. Iko aina iitwayo I-2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na kutumiwa vijijini Tanzania na Msumbiji, ambayo huvumilia joto kwa muda kuliko nyingine. Tatizo ni kwamba chupa moja huwa na dozi mia moja au zaidi, na ikishachanganywa haingoji kesho. Mama mwenye kuku wanne hawezi kuinunua peke yake. Darasa la wanafunzi arobaini, kila mmoja akiwa na kuku wawili watatu nyumbani, linaweza. Kazi ifanywe alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, tone moja katika jicho moja, na tarehe iandikwe ukutani, kwa sababu baada ya miezi mitatu au minne zamu itarudi.