Nayeche Naye Hastahili Riwaya?

Ni ada ya walimu wengi kumnyang'anya mwanafunzi riwaya ya mapenzi anapokutwa nayo darasani, hasa ikiwa ni ya binti kabaila wa London ya karne ya 19, anayecheza dansi kasrini huku akificha uchawi wake. Mimi nasema kosa si mapenzi wala uchawi. Shaaban Robert alivitumia vyote viwili katika *Adili na Nduguze*, kitabu cha mwaka 1952. Mna mfalme, mna majini, mna ndugu mahasidi waliogeuzwa manyani, nasi tukakisoma kwa fahari.

Kosa ni kwamba kijana wa Lodwar au Kakuma hupewa makasri ya wengine tu. Kuhusu kwao husoma habari za ukame, wizi wa mifugo na chakula cha msaada. Mwishowe huamini kwamba mapenzi na utukufu ni vya watu wa mbali.

Masimulizi ya Waturkana yanampinga. Yanamtaja Nayeche, mwanamke aliyemfuata fahali wa kijivu kutoka nchi ya Wajie, iliyo Uganda leo, hadi bonde la Tarash, akaishi kwa matunda ya mwituni. Vijana waliomtafuta fahali wakamkuta, wakarudi na sifa za nchi ile. Wenzao wakahamia, na taifa likazaliwa. Yanamtaja pia Lokerio, mwaguzi wa karne ya 19, aliyepasua maji ya Ziwa Turkana ili mashujaa wavuke kuteka ngamia.

Mtu atasema Turkana haikuwa na makabaila. Kweli, haikuwa na wafalme, lakini heshima ilipimwa kwa mifugo, mahari yalikuwa mazito, na kila mwana wa kiume aliingia upande wa Mawe au wa Chui, kinyume cha babaye. Je, hayo hayatoshi kuwatenganisha wapendanao?

Nayo kambi ya Kakuma, tangu 1992, imekusanya vijana wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko, kila mmoja na hekaya za nyanyake.

Mwalimu, mrudishie mwanafunzi riwaya yake. Kisha mwagize amwendee bibi yake amuulize habari za Nayeche: alimpenda nani, na alimwacha nani nyuma? Majibu yawe insha, na insha iwe riwaya, kabla wazee hawajatutoka. Usiache mbachao kwa msala upitao.