Kazi ya Mshahara na Kazi ya Moyo

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki hakosekani karani mwenye kitu akipendacho zaidi ya jalada lililo mbele yake. Huyu ana gitaa lililotundikwa ukutani nyumbani. Yule ana daftari la mashairi sandukuni. Mwingine hutamani kufanya mtihani alioukosa alipokuwa kijana. Wakiulizwa kwa nini hawaendelei, jibu lao huwa moja: watoto wako shuleni, mama ni mzee, shamba lataka palizi. Kisha huongeza, "Nitaanza nikipata pensheni."

Jibu hilo lina adabu, na kwa sehemu ni la kweli. Walakini yafaa lipimwe kwa maisha ya karani mmoja ambaye vitabu vyake vimesomwa mashuleni pande zote hizi.

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, na mwaka uo huo wa 1926 akaingia kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha ya Tanganyika. Alidumu humo miaka 18. Mwaka 1944 alihamia Idara ya Wanyama. Mwaka 1946 akawa katika ofisi ya Wilaya ya Tanga. Na tangu 1952 hata 1960 alitumika katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Jumla ni miaka 34 ya kwenda kazini asubuhi na kungoja mwisho wa mwezi kama makarani wengine wote. Alioa mara tatu, akazaa watoto kumi. Hapana mtu awezaye kusema kwamba mzigo wake ulikuwa mwepesi.

Aliacha kazi mwaka 1960. Mwezi wa Juni, 1962, alifariki dunia, umri wake miaka 53.

Basi lau angalingoja pensheni, angalipata miaka miwili tu ya kuandika. Lakini *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951, na *Adili na Nduguze* mwaka 1952, mwandishi akiwa bado mtumishi wa Serikali. Hata ofisi yenyewe haikuwa hasara tupu. *Kusadikika* ni habari ya mshtakiwa anayejitetea mbele ya wakubwa wa nchi, na ni vigumu kuamini kwamba baraza lile lingeandikwa vizuri hivyo na mtu asiyepata kukaa upande wa ndani wa meza ya Serikali.

Wala asidhani mtu kwamba kalamu ilimfanya awasahau walio nyumbani. Alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi. Binti yake alimwandikia *Utenzi wa Hati*, na mwanawe wa kiume *Utenzi wa Adili*, ambazo ni nasaha za mzazi kwa mtoto juu ya mwenendo mwema. Saa moja ililipa deni mbili.

Ni kweli kwamba kalamu na karatasi ni vitu rahisi. Gitaa hutaka nyuzi, nyuzi hutaka fedha, na wapigaji wenzi hutaka kukutana penye pombe. Mpigaji aendaye dansi Jumamosi hurudi alfajiri ya Jumapili, na mkewe ndiye aliyekesha na mtoto mwenye homa. Hapo shida si uchache wa saa. Shida ni kwamba saa hizo zimelipwa na mtu mwingine asiyeulizwa. Nyumba ambamo mume amesema wazi, "Jioni mbili kwa juma ni zangu, na jioni nyingine nipo," na mke naye akapewa jioni zake, haina manung'uniko mengi. Jambo hili la mke kupewa zake husahauliwa mno, hasa na wanaume wapendao kusifiwa kwa vipaji vyao.

Mkulima anayo bahati ambayo karani hana, maana mwaka wake una majira. Mvua za masika zikianguka hapana mazungumzo, jembe ndilo bwana. Lakini mahindi yakiisha kupaliliwa mara ya pili, huja majuma ambayo shamba halimdai mtu mchana kutwa, na wengi huyapoteza kwa kukaa tu dukani. Mwenye ng'ombe wa maziwa hana hata hayo, kwani ng'ombe hajui sikukuu. Yeye atafute nafasi yake katikati ya kukama kwa asubuhi na kwa jioni.

Baadhi ya maandishi ya Shaaban Robert hayakuchapwa yeye akiwa hai. *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, unaosimulia vita vya mwaka 1939 hata 1945, ulitoka kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kuzikwa kwake.