Wataalamu na Mabwana Miti Wasaidiane

Kusini-mashariki ya mji wa Eldoret kuna msitu wa Kaptagat, na kaskazini ya mji kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, ambamo vijana hufundishwa elimu ya misitu. Mwendo kati ya mahali hapo pawili si mrefu. Hata hivyo bwana miti aweza kuona miti ikikauka asijue sababu, na mtaalamu akaijua sababu asipate habari kwamba miti inakauka. Hasara yake humfikia kila anunuaye mbao na kila atekaye maji mtoni.

Habari ya miti ya saipresi yaonyesha jambo hili. Zamani aina iliyopandwa sana katika nyanda za juu za Kenya ilishikwa na ugonjwa wa ukungu ulioharibu magome, ikabidi kupanda aina nyingine yenye asili ya Meksiko. Mwaka 1990 adui mwingine akaonekana: kidukari wa saipresi, aliyekwisha kuingia Malawi mwaka 1986. Mdudu huyu mdogo hufyonza utomvu wa matawi. Majani hugeuka rangi ya kahawia, na mara nyingine mti mzima hufa.

Kunyunyiza dawa msitu mzima ni gharama kubwa, tena dawa huua hata wadudu wenye faida. Kwa hiyo wataalamu walitafuta adui wa kidukari, wakampata nyigu mdogo atagaye yai ndani ya mwili wake. Buu litokalo humla kidukari kwa ndani. Nyigu hao walifunguliwa Malawi mwaka 1994, na baadaye Kenya.

Lakini nyigu hawafai kitu wakifunguliwa mahali pasipo vidukari, au panaponyunyizwa dawa. Ajuaye mahali panapofaa ni mtu azungukaye msituni kila siku. Naye ndiye awezaye kurudi baadaye kuhesabu miti iliyopona. Hesabu hiyo haitakuwa sahihi kama mtaalamu hakumweleza la kutazama, kwa lugha anayoielewa.

Tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, wananchi wakaao karibu na misitu wameruhusiwa kuunda vyama na kushiriki katika kuitunza. Mkulima apandaye viazi kati ya miche ya miti huenda akawa wa kwanza kuona tawi lililokauka. Akiliona, apeleke habari kituo cha misitu siku ile ile. Bwana miti aandike tarehe na mahali, amfikishie mtaalamu. Na mtaalamu asikose kurudisha jibu. Kidole kimoja hakivunji chawa.