MABAKI YA MKONGE: MALI TUNAYOIMWAGA



Nani kati yetu, kuanzia Makuyuni hadi Hale, asiyeijua harufu ya korona? Pua inakuambia umefika kabla macho hayajaona kiwanda. Majani ya mkonge yanaingia upande mmoja, singa nyeupe zinatoka upande wa pili. Lakini chini ya mashine unatoka uji wa kijani, mwingi kweli kweli. Leo tunazungumza juu ya uji huo.

Tuanze na hesabu. Katika kilo 100 za majani mabichi, singa kavu zinazopatikana ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji, nyama ya jani na vipande vifupi vya singa. Hata ng'ombe tukimchinja hatutupi kiasi hicho!

Tena uji huo ukimwagwa ovyo una madhara. Ndani yake mna sukari. Ukiingia mtoni, vijidudu huishambulia sukari hiyo na kumaliza hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki nao wanaihitaji hewa hiyo hiyo, basi wanakufa.

Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa karibu tani 230,000 za singa. Halafu zikaja kamba za plastiki zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori. Wazee wetu waliokata mkonge wanakumbuka. Mazao yanayouza sehemu 4 katika 100 yakishindanishwa na plastiki, yana haki ya kushindwa, au sivyo? Ndiyo maana watu wakaanza kuuliza: hizi sehemu nyingine zinafaa nini?

Jibu moja lilijengwa hapa hapa wilayani kwetu. Katika shamba la mkonge la Hale, kampuni ya Katani, ikisaidiwa na Serikali, shirika la UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Mazao, ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Ulikuwa mtambo wa kwanza duniani wa namna hiyo. Ulianza kazi miaka ya 2007 na 2008, ukiwa na uwezo wa kilowati 150.

Je, gesi inatokaje kwenye majani? Kazi hiyo hufanywa na vijidudu tusivyoweza kuviona kwa macho. Sisi tunavijua siku nyingi, ila hatukuvipa jina. Ndivyo vinavyogandisha maziwa na kuchachusha togwa. Katika mtambo wa gesi vinafungiwa ndani ya tangi lisiloingia hewa. Humo mna makundi mawili. Kundi la kwanza hula sukari na kutoa ukali, kama ule wa siki. Kundi la pili hula ukali huo na kutoa gesi ya methani, ambayo ni ya jamii moja na gesi ya Songo Songo. Inawaka moto wa buluu bila moshi.

Hapo ndipo penye matata. Kundi la kwanza ni jepesi, la pili ni zito. Ukitia mkonge mwingi kwa pupa, ukali unajaa, kundi la pili linakufa, na gesi inakatika. Kinyesi cha ng'ombe hakina taabu hiyo sana, kwa sababu kinatoka tumboni na vijidudu vyake. Kwa hiyo mitambo ya samadi ambayo kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeieneza tangu miaka ya 1980 ni rahisi kuitunza. Mkonge unataka uangalizi. Tena una upungufu wa naitrojeni, chakula ambacho vijidudu navyo wanakihitaji, kama mahindi yanavyohitaji mbolea.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, wakajaribu kuchanganya. Mwaka 2004 walieleza kwamba sehemu 2 za mabaki ya mkonge na sehemu 1 ya mabaki ya samaki zilitoa methani zaidi kuliko kila kimoja peke yake: nyongeza ya asilimia 59 hadi 94. Kumbe matumbo ya samaki nayo ni mali! Mwaka 2006 wakaonyesha kwamba singa taka zikikatwa vipande vya milimita 2, methani inaongezeka kwa asilimia 23. Sababu yake mama yeyote anayetafunia mtoto chakula anaijua.

Mabaki hayo hayo yakiozeshwa kwanza, yanaotesha uyoga wa kula. Mwaka 2008 walitoa matokeo ya aina tatu za uyoga wa porini wa hapa nchini. Na tope linalobaki baada ya gesi kutoka linarudi shambani kuwa mbolea.

Tahadhari moja: gesi hii inalipuka, na ndani ya tangi hamna hewa ya kuvuta. Mtu asiingie humo eti kusafisha, hata kama tangi limeonekana tupu.

Sasa, wengi wetu ni wakulima wadogo wa mkonge katika vyama vya ushirika. Mikutanoni tumezoea kuuliza bei ya singa, makato na gharama ya korona. Tunaona kuna swali lingine: majani ni yetu, lakini yakishapita koronani, ule uji ni wa nani? Ukitoa umeme, uyoga au mbolea, nani anaandikiwa? Ukirudi nyumbani leo, chukua mkataba wako uusome polepole, utafute neno "mabaki". Kama halimo, mwombe katibu wa chama aliweke kwenye ajenda ya mkutano ujao, na uhakikishe limeandikwa kwenye kumbukumbu.